Magadi, Maji na Meno ya Watoto Wetu

Wakubwa zangu shikamooni, na wazazi wenzangu wote habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumzie chakula na meno, na najua mnatarajia nianze na pipi na soda. Hizo nazitaja haraka: sukari inalisha bakteria wa mdomoni, wao wanatoa tindikali, tindikali inalila jino. Mtoto anayeonjaonja soda kutwa nzima anaumia kuliko anayeimaliza mara moja wakati wa kula. Lakini hapa tuko chini ya Mlima Meru, na huku kuna jambo letu wenyewe.

Watoto wenye meno ya kahawia wanaambiwa hawapigi mswaki. Si kweli, na inaniuma sana kumwona binti akicheka huku amefunika mdomo kwa kiganja. Rangi ile si uchafu uliogandia juu. Imo ndani ya jino. Miamba ya volkano ya mlima huu ina madini ya floraidi, na maji yanayopita humo yanayabeba hadi kwenye chemchemi na visima. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Nchi yetu Tanzania, kwa shida ya maji, iliruhusu hadi 4 kwa miaka mingi kabla ya kushuka kwenye 1.5. Kuna vyanzo katika kata za Maji ya Chai na Ngarenanyuki vinavyopita hata hiyo 4.

Madhara hutokea jino likiwa bado linatengenezwa ndani ya fizi, tangu mtoto anazaliwa hadi kama miaka 8. Floraidi ikizidi wakati huo, gamba la nje la jino halikomai vizuri. Jino huota na madoa meupe kama chaki, baadaye yanageuka kahawia, na likiathirika sana linamegeka. Ndiyo maana naomba tuache kuwasugua watoto meno kwa mchanga na mkaa. Rangi haitoki, gamba ndilo linalokwisha.

Sasa magadi. Tunayatia kwenye maharage na makande ili yaive upesi, na kuni ni ghali, naelewa. Ila magadi mengi ya ukanda huu yana floraidi yake, tena inayeyuka yote kwenye mchuzi. Kwa hiyo mtoto anayekunywa maji ya kisima kisha akala makande ya magadi anaipata mara mbili. Loweka maharage usiku kucha, mwaga yale maji, kisha pika. Yataiva bila magadi.

Mama mmoja aliniuliza kama kuchemsha kunasaidia. Kunaua vijidudu, na lazima tuchemshe, lakini floraidi haitoki na mvuke. Maji yanapungua, yenyewe inabaki, kwa hiyo inakolea. Maziwa ya mama ni habari nyingine: yana floraidi kidogo mno, hata kama mama mwenyewe anakunywa maji ya kisima. Hatari inaanzia kwenye uji wa kumlikiza. Mwenye bati na tanki akinge maji ya mvua, nayo yawe ya mtoto kwanza: uji wake, chai yake, maji yake ya kunywa. Kufulia na kuoga tutumie ya kisima, hayana neno.

Msiende nyumbani mkatupa dawa ya meno. Floraidi kidogo inaliimarisha jino lisioze. Inayodhuru ni ile inayomezwa kwa wingi kila siku. Mtoto wa chini ya miaka 3 mpakie dawa kiasi cha punje ya mchele, na umfundishe kutema.

Wale wa kituo cha Ngurdoto, kinachotafiti namna ya kuondoa floraidi kwenye maji, wamefanya kazi kubwa ya kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Chujio hilo linafanya kazi, ila mkaa ukishajaa floraidi hauchuji tena, na kwa macho huwezi kujua. Anayekuuzia muulize mkaa unabadilishwa lini, na kamati ya maji ya kijiji iwaonyeshe kipimo cha kisima chenu kwa maandishi.