Bajeti ya matangazo mikononi mwa mashine: mhadhara kwa wafanyabiashara wa Unguja na Pemba

Assalaamu alaykum. Wenzetu wa nyuma sogeeni mbele, viti vipo, na feni za huko hazizunguki.

Nimetakiwa nizungumze juu ya akili mnemba na bajeti za matangazo ya mtandaoni. Nikiangalia nyuso humu ndani naona watu wa nyumba za wageni Paje na Jambiani, watu wa boti za Nungwi, wa ziara za viungo Kizimbani, kina mama wa nguo wa Darajani, na mzee wangu mmoja aliyevuka na boti kutoka Pemba kwa ajili ya asali yake. Kwa hiyo makampuni makubwa tuyaache na mambo yao. Nitamzungumzia mtu mwenye shilingi laki tatu kwa mwezi, ambaye zikipotea anaumia.

Kwanza tuondoshe dhana moja. Wengi wananiuliza, "Nianze lini kutumia akili mnemba kwenye matangazo?" Mmeshaanza zamani. Ukibusti posti ya Instagram jioni hii, hakuna mtu anayekaa pahala kuchagua nani aione. Google walileta kampeni za Performance Max mwaka 2021, Meta, wenye Facebook na Instagram, wakaja na Advantage+ mwaka 2022, na zote mwenendo wake ni mmoja: unatoa picha, maneno, pesa na lengo, halafu mashine inaamua tangazo lionwe na nani, saa ngapi, wapi, na kwa bei gani. Lililobaki mikononi mwako ni unaipa nini na unaiwekea mpaka wapi.

Sasa twende mnadani. Mnaujua mnada wa samaki: mnadi anaita, dau linapanda, aliyefika juu anaondoka na jodari wake. Mtu wa Milano anapotafuta hoteli ya Zanzibar kwenye simu yake, mnada wa namna hiyo unafunguliwa na kufungwa kabla ukurasa haujamaliza kutokeza. Ila mnadi wa mtandaoni hatazami dau peke yake. Anapima pia kama huyu mtu atalibonyeza tangazo lako. Tuseme umeweka dau la shilingi 500 kwa kila mbonyezo, na katika watu 100 wanaoliona wanabonyeza 2. Jirani yako kaweka 300 tu, lakini lake wanabonyeza 5. Watu 100 wale kwako wana thamani ya shilingi 1,000, kwa jirani 1,500. Jirani anakaa juu yako, na dau lake ni dogo. Hapa ndipo pesa za wengi wetu zinapovuja: picha ya ufukwe imeokotwa mtandaoni, hata minazi yenyewe si ya kwetu, halafu tunalalamika kuwa matangazo yamekuwa ghali.

Zamani dau ulikuwa ukiliweka mwenyewe kwa mkono. Siku hizi mashine inaweza kuweka dau jipya kwa kila mnada, ikiangalia saa, aina ya simu, lugha, mahali mtu alipo na maneno aliyoandika. Kazi hiyo binadamu haiwezi, na mimi sioni aibu kuiachia mashine. Anayekesha akipandisha na kushusha madau anajitafutia maradhi ya macho bure.

Tatizo letu liko kwengine. Mashine inafukuzia kile tu ulichokiita matokeo, na biashara ya Zanzibar inafungwa pahala ambapo mashine haioni. Hebu tumfuate mgeni mmoja. Yuko Warsaw, kaona tangazo la safari ya kisiwa cha Mnemba, kabonyeza kitufe cha WhatsApp. Kauliza bei. Mmeandikiana siku mbili tatu. Kaja na boti ya Dar mwezi mmoja baadaye, kakulipa taslimu pale pale ufukweni, miguu majini. Mashine imeona nini katika yote hayo? Kitufe kimebonyezwa, basi. Noti haikuziona, na hata kwamba mgeni alikuja haijui.

Kwa hiyo itakutafutia wabonyezaji vitufe wengine, tena wale wa bei rahisi. Ni nani hao? Vijana wasio na safari yoyote, watu wanaotafuta kazi za hoteli, na mapapasi wenzako, madalali wa watalii, wanaokuchungulia bei. Mnacheka, lakini nyinyi wenyewe mnafanya. Tuseme ujumbe mmoja kutoka nchi fulani unakugharimu shilingi 1,500 na wa kutoka Ujerumani 6,000. Mashine itahamisha bajeti kwenye wa 1,500, na ripoti yake itapendeza: ujumbe umeongezeka, gharama imeshuka. Wewe boti yako inalala. Mashine hapo haijakosea hata kidogo, imefanya ulichoituma.

Dawa yake ni kuirudishia mashine habari za mauzo. Wengi hapa hamna mtaalamu wa kompyuta, kwa hiyo nitaanza na njia ya kimaskini. Kitufe cha WhatsApp kinaweza kuwekewa ujumbe uliokwisha andikwa, mgeni anautuma tu. Kila tangazo lipe ujumbe wenye alama yake: tangazo la kwanza limalizie na M1, la pili M2. Ujumbe ukiingia, andika kwenye jedwali la Excel au hata daftari: tarehe, nchi, alama, safari aliyoitaka, na kiasi alicholipa. Kiasi alicholipa ndiyo safu yenyewe, na ndiyo ambayo watu huiacha tupu. Baada ya mwezi utaona M1 imeleta maneno mengi na M2 imeleta pesa.

Mwenye tovuti aende mbele zaidi. Tangazo la Google linapobonyezwa, nyuma ya anwani ya ukurasa hubandikwa msururu wa herufi na nambari unaoutambulisha mbonyezo ule. Fomu yako ya kuweka nafasi iuhifadhi pamoja na jina la mgeni. Akishalipa, unapakia orodha kwenye akaunti ya matangazo: mbonyezo huu umelipa kiasi hiki, tarehe fulani. Google hukubali kupokea habari hizo mpaka siku 90 tokea siku ya kubonyeza, na kwa mgeni anayefikiria safari muda mrefu siku hizo ni muhimu. Meta nao wana njia ya kupokea mauzo kutoka kwenye seva yako, yaani kompyuta inayobeba tovuti. Halafu thamani zitofautishe. Aliyeuliza bei asihesabiwe sawa na aliyelipa advansi, na aliyelipa advansi ya chumba siku saba asilingane na wa safari ya nusu siku.

Sasa hesabu ambayo haipendezi. Meta wenyewe wanaeleza kuwa kundi la matangazo linahitaji kiasi cha matokeo 50 ndani ya wiki moja ili litoke katika hatua ya kujifunza, yaani ile ambayo mashine bado inajaribu nani wa kuoneshwa. Mwenye laki tatu kwa mwezi ana kama elfu 70 kwa wiki. Ikiwa kila advansi inakugharimu 8,000 ya matangazo, 50 zinataka laki nne kwa wiki. Huzifiki. Hapo lazima uchague hatua ya karibu zaidi, kwa mfano mtu aliyefungua ukurasa wa bei au aliyetuma ujumbe wenye tarehe za safari, na wewe mwenyewe ubaki na daftari lako kuikagua. Pia usiikate elfu 70 vipande vitano, cha Wataliano, cha Wafaransa, cha Wapolandi, cha fungate, cha wapiga mbizi. Kila kipande kitakufa na njaa. Na ukibadilisha lengo au picha kila siku mbili, kujifunza kunaanza upya. Nawajua watu humu hawawezi kulala bila ya kugusa kampeni zao.

Hesabu iliyomo ndani ya mashine hizi si ngeni. Mwaka 1933 William Thompson aliandika makala kuhusu dawa mbili: hujui ipi bora, na wagonjwa wanaingia, utawagawaje ili ujifunze huku wengi wao wakipata iliyo bora? Rai yake ilikuwa kila dawa ipewe wagonjwa kwa kadiri ya uwezekano wa kuwa ndiyo bora, na uwezekano huo uhesabiwe upya kila matokeo yakiingia. Matangazo matatu yakigombea bajeti moja, mgawo huenda kwa fikra za namna hiyo. Ndiyo maana tangazo lililobahatika kupata wateja wawili siku ya mwanzo linaweza kumeza bajeti, hali lile jengine halijapata hata nafasi ya kuonekana.

Mipaka je? Kwenye Google, ukiandika bajeti ya 10,000 kwa siku, siku moja inaweza kutumia mpaka 20,000, ila kwa mwezi haitavuka mara 30.4 ya bajeti ya siku, yaani 304,000. Mtu akiona 20,000 imeondoka Ijumaa anadhani kaibiwa. Kadi ya matangazo iwe mbali na kadi ya biashara, na isiwe na zaidi ya pesa za mwezi ule.

Tena msisahau kwamba anayekushauri namna ya kutumia bajeti ndiye anayekuuzia tangazo. Akaunti ya Google inakuonesha alama ya uboreshaji kwa asilimia, na mapendekezo: ongeza bajeti, panua maneno yanayoita tangazo lako. Alama ikishuka mtu anaingiwa na hofu kama mtoto wa skuli. Basi jueni kwamba ukiyakataa mapendekezo hayo, alama inapanda vilevile. Na angalieni kama hamjawasha idhini ya mapendekezo kujitekeleza yenyewe.

Halafu kuna sifa mashine inazojipa. Mtu aliyekwisha kusikia habari za hoteli yako kwa rafiki yake, akaandika jina lako, akabonyeza tangazo lako, mashine itamhesabu kuwa ni wake. Mwaka 2012 eBay, soko la mtandaoni, walizima matangazo yanayotokea mtu akiandika jina lao wenyewe kwenye baadhi ya mitambo ya kutafutia. Wachumi Thomas Blake, Chris Nosko na Steven Tadelis, waliochapisha matokeo mwaka 2015, walikuta takriban mibonyezo yote iliyokosekana ilirudi kupitia matokeo ya bure. Nyinyi si eBay, na mawakala wakubwa wa kuweka nafasi wanaweza kulipia tangazo lao litokee mtu akiandika jina lako, kwa hiyo usizime kwa kufuata mkumbo. Zima wiki mbili katika nchi moja, tazama daftari.

Programu za mazungumzo, ChatGPT, Gemini, Claude, zina faida moja kubwa: kusoma ripoti ndefu. Pakua orodha ya maneno waliyoandika watu kabla ya kubonyeza tangazo lako, ipe programu, iambie iyapange kwa makundi. Mwenye hoteli atakuta amewalipia wanaotafuta ajira za hoteli, wanaoulizia hali ya hewa, wanaotaka nauli ya boti ya Dar. Hayo yaingie kwenye maneno ya kuzuia, yaani mtu akiyaandika tangazo lako lisitokee. Kujumlisha pesa fanyeni kwenye Excel, kwa sababu programu hizi hukosea hesabu kwa kujiamini kabisa. Na kabla ya kupakia chochote futeni majina, nambari za simu na za pasipoti za wageni.

Kuhusu misimu nitasema kidogo. Masika yakiingia, Aprili na Mei, baadhi ya hoteli hufunga na wenyewe huzima matangazo. Lakini anayekuja Julai na Agosti anatafuta Aprili na Mei hiyo hiyo. Punguza, usizime. Na wauza nguo: Ramadhani hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka, kwa hivyo msiilinganishe Machi ya mwaka huu na ya mwaka jana mkadhani mmefanya vibaya. Linganisheni kumi la mwisho na kumi la mwisho.

Nimesema nibakishe muda wa masuali. Mzee wangu wa Pemba, shikamoo, karibu.

Anauliza: yeye anauza asali, wateja wake wako Unguja na Dar, faida yake kwa chupa ni shilingi 6,000. Haya yote yanamuhusu?

Yanakuhusu, mzee wangu, na hesabu yako ni nyepesi kuliko ya hoteli. Weka kundi moja la matangazo, Unguja mjini na Dar, lengo liwe ujumbe, bajeti 5,000 kwa siku, na wiki mbili usiguse kitu. Hiyo ni 70,000. Kila anayeuliza mwandike, na kila anayenunua mwandike. Tuseme ujumbe mmoja umekugharimu 800, na katika kumi wanaouliza mmoja ndiye anayenunua chupa. Chupa hiyo imekula 8,000 ya matangazo kwa faida ya 6,000, na nauli ya kuivusha bado. Kuongeza bajeti hapo ni kuongeza hasara. Jaribu kwanza kuandika bei na gharama ya kufikisha ndani ya tangazo lenyewe, wauliza bei watapungua na wanaobaki ni wanunuzi. Kisha uza chupa tatu kwa pamoja. Wiki mbili nyengine ukiona bado, zima, na hizo 5,000 za kila siku mpe kijana wa kukupelekea asali madukani.