Daftari la Kibirizi: Ujuzi Gani Uandike Kwenye Wasifu Wako

(Mhadhara kwa vijana wanaotafuta ajira, Mwanga, Kigoma)

Shikamooni wazee mlioketi mbele, na vijana wangu, hamjambo. Nimeombwa niongee nanyi kuhusu wasifu wa kuombea kazi, ile karatasi ambayo mtaani tunaiita sivii. Sitaweza kuyagusa yote. Ukubwa wa herufi, picha, namba ya simu ikae wapi, hayo kijana wa steshenari atakuelekeza vizuri kuliko mimi. Nimekuja kwa jambo moja: pale panapoandikwa "ujuzi", uandike nini na uache nini. Hapo ndipo nilipowaona wanetu wengi wakikwama.

Kwa miaka kadhaa nilikaa kwenye kamati za kuchambua maombi ya kazi katika shirika moja mkoani humu. Inatangazwa nafasi moja ya karani wa ghala, maombi yanajaza boksi. Mnakaa watatu mezani, mmoja anasoma, wawili wanasikiliza. Bahasha ya kwanza: "Mchapakazi, mwaminifu, ninaweza kufanya kazi na wenzangu na pia bila kusimamiwa." Ya pili, maneno yale yale. Ukifika ya ishirini unayajua kabla hujafungua. Sikuwahi kuwadhania uongo. Huenda wote walikuwa wachapakazi kweli. Lakini nimepewa saa chache nichague watu wanane wa kuitwa kwenye usaili, na maneno yale hayanionyeshi tofauti ya huyu na yule. Mara nyingi yametoka kwenye kompyuta moja, kilichobadilishwa ni jina tu. Iliniuma sana, kwa sababu nyuma ya jina lile yupo mtu ambaye nauli ya kuja kuleta bahasha kaikopa.

Ngoja niwaeleze nilichokiona kwa macho yangu. Binti mmoja, mama yake anaanika dagaa pale Kibirizi, alinijia nyumbani na wasifu wake nimsaidie. Alikuwa anaomba kazi ya ghala kwenye ofisi nyingine, si yetu. Kidato cha nne, kozi fupi ya kompyuta, na chini yake yale yale: mchapakazi, mwaminifu, msikivu. Nikamuuliza, tangu umalize shule umekuwa ukifanya nini? Akasema, "Nipo tu nyumbani, mama." Nikamwambia, mtu hawi "nipo tu" miaka minne. Akacheka, akasema namsaidia mama ufukweni, namwandikia andikia.

Nikamwomba alete hayo maandiko. Kesho yake akaja na kaunta buku, jalada limelainika kwa mafuta ya samaki, harufu ya dagaa imeingia hadi katikati ya kurasa. Nikaifungua. Kushoto tarehe. Kisha jina la mtumbwi, idadi ya mabeseni yaliyopokelewa, bei ya siku hiyo, kilicholipwa na kilichobaki deni. Ukurasa wa pili, dagaa wakishakauka: kilo ngapi, magunia mangapi, yamekwenda kwa nani, kwa gari gani. Wanunuzi wa Burundi wana safu yao, kwa faranga, na pembeni kageuza kwa shilingi kwa bei ya siku ile. Kila mwisho wa mwezi mstari mwekundu, na chini yake kilo zilizopungua na sababu: mvua, panya, gunia limepasuka.

Kulikuwa na kitu kingine kilichonishangaza zaidi. Ninyi watoto wa ziwani mnajua kwamba mwezi ukiwa mkubwa taa za wavuvi hazivuti dagaa, mitumbwi inalala ufukweni. Yule binti alikuwa anahesabu siku hizo mapema na kuweka magunia ya akiba, ili wateja wa mama yake wasikose mzigo. Na mwaka 2024, uvuvi ulipositishwa ziwani miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei, alikuwa ameshapanga kiasi cha kuuza kila wiki hadi Agosti. Kila wiki na magunia yake, imeandikwa.

Nikachukua lile tangazo la kazi tukalisoma pamoja. Lilitaka mtu wa kupokea mizigo, kuhakiki idadi, kutunza kumbukumbu za kinachoingia na kinachotoka, na kuandaa taarifa ya kila mwezi. Nikamuuliza, katika haya lipi hulifanyi? Akanyamaza. Halafu akaniambia neno ambalo hadi leo linanikaa rohoni: "Lakini mama, ile siyo kazi. Ile ni dagaa tu."

Vijana wangu, tumefundishwa wapi kwamba kazi ya mikono yetu si kazi mpaka ifanyike ofisini? Tulikaa, tukafuta yale maneno matatu, tukaandika hivi: "Kupokea na kuhakiki mzigo kila siku, na kuandika deni na malipo ya mitumbwi sita. Kutunza kumbukumbu za magunia yaliyoingia na kutoka kwa miaka minne. Kufunga hesabu za mwezi na kueleza upungufu. Kukokotoa mauzo kwa shilingi na faranga za Burundi." Hakuna hata neno moja la kuazima humo. Aliitwa kwenye usaili. Kazi alipewa mwingine aliyesomea ugavi, na sioni dhuluma hapo. Lakini kati ya watu wengi waliochujwa yeye alifika mezani, na alipoulizwa upungufu wa mzigo unashughulikiwaje, alizungumza kama mtu anayesimulia nyumbani kwao.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kusoma tangazo, tena kwa kalamu mkononi. Matangazo ya serikali yamepangwa vizuri sana kwa jambo hili: kuna "Majukumu ya kazi" na kuna "Sifa za mwombaji". Wengi wanakimbilia sifa, waone kama cheti chao kinatosha, wanafunga. Sifa zinakwambia kama mlango uko wazi kwako. Majukumu yanakwambia uandike nini. Chukua Mtendaji wa Kijiji. Ukisoma majukumu yake utakuta ni katibu wa mikutano na kamati za Halmashauri ya Kijiji, anaandaa taarifa za utekelezaji, anatunza kumbukumbu na nyaraka za kijiji. Sasa kijana umetoka Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo na cheti chako, na kabla ya hapo umekuwa katibu wa kikundi cha usimamizi wa uvuvi kwenye mwalo wenu, umeandika mihtasari ya vikao miaka miwili, halafu kwenye wasifu unaandika "napenda kusoma na kuangalia mpira"! Ule muhtasari ndio uuweke juu kabisa.

Udereva nao hivyo hivyo. Kila dereva anaandika kwamba anaendesha vizuri. Lakini tangazo la Dereva Daraja la II linataja kukagua gari kabla na baada ya safari, matengenezo madogo madogo, kusambaza nyaraka, na kujaza daftari la safari. Wewe uliyeendesha gari la mizigo Kigoma hadi Kibondo masika yote na daftari lako limejazwa kila siku, liseme hilo daftari. Ndilo litakalokutenga na madereva wenzako.

Hapa nisimame kidogo kwenye lugha, kwa sababu sisi wa Kigoma tuna utajiri tunaoukalia. Nimesoma wasifu wa watoto wa Kasulu na Buhigwe, kwenye lugha wameandika Kiswahili na Kiingereza, basi. Kiha hakipo. Kana kwamba ni aibu. Na kazi wanayoomba ni ya kuhudumia wakimbizi Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani na baadaye ikapokea Warundi wengi. Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu. Muha na Mrundi wakikaa kivulini wanaelewana. Mwajiri anayetafuta mtu wa kusikiliza malalamiko ya mama aliyevuka mpaka na watoto anaihitaji lugha hiyo kuliko Kiingereza chako cha kubabaisha. Iandike. Tena iandike kwa kiwango chake: nazungumza, nasoma, au naandika. Hayo ni mambo matatu tofauti.

Nasema hivyo kwa sababu yalinikuta. Nikiwa na umri wenu niliandika kwamba Kifaransa nakijua vizuri. Nilikuwa nimekisoma mwaka mmoja, na sokoni nilikuwa najibizana na Wakongomani bei ya vitenge. Siku ya usaili mmoja wa wasaili akaniuliza swali kwa Kifaransa, kwa upole tu, kuhusu kazi niliyokuwa nimeifanya. Sikuweza kujibu. Kilichoniumiza ni kwamba baada ya pale hawakuniamini tena hata kwenye yale niliyoyajua kweli. Neno moja lilichafua ukurasa mzima. Kila ujuzi unaouandika, jiulize: nikiambiwa nionyeshe sasa hivi, nitaonyesha?

Kompyuta tupite haraka. Usipange majina ya programu kama bidhaa dukani. Kama umetumia Excel kutengeneza orodha ya wanakikundi na michango yao, sema hivyo.

Na wadhamini. Matangazo ya serikali hudai maelezo binafsi yanayojitosheleza na majina ya wadhamini watatu. Wengi wanaweka mtu mkubwa wanayemfahamu kwa mbali. Mtafute aliyekuona ukifanya lile uliloliandika, hata kama ni mwenyekiti wa kikundi ufukweni, na umwombe kabla hujamwandika. Akipigiwa simu atasema, "Ndiyo, madaftari yetu alikuwa anayaandika yeye."

Naona mkono kule nyuma. Sema, dada yangu. … Ameuliza: aliyetoka chuo juzi na hajawahi kushika kazi yoyote aandike nini? Swali zuri. Kwanza mazoezi kwa vitendo uliyofanya chuoni ni kazi. Usiandike jina la ofisi pekee, andika ulipewa nini ukakikamilisha. Pili, nani hapa ni mhazini wa kwaya? Wa madrasa? Wa kikoba? Wewe dada, mhazini wa kikoba, wanachama wangapi? Thelathini. Na hesabu zinafungwa kila wiki? Kila Jumapili. Umewahi kupungukiwa? Mara moja. Ukafanyaje? … Mmemsikia: alirudia kuhesabu mbele ya wote, akakuta michango miwili haijaandikwa. Hapo ana mistari miwili ya wasifu kwa nafasi ya karani wa fedha, na ana jibu la usaili. Kwa nafasi ya mapokezi asiiweke juu; kule aanze na namna anavyopokea watu. Wasifu mmoja haupelekwi kila mahali. Ni kazi, najua, na kila kuchapisha ni hela. Ni afadhali upeleke maombi matatu uliyoyafikiria kuliko thelathini ya kunakili.

Niliwaomba mje na matangazo. Nani analo mkononi? Lete wewe kijana wa shati la bluu. Fundi sanifu maji, sawa. Wengine sogezeni viti karibu, toeni kalamu. Tunaanzia kwenye majukumu. Soma la kwanza, polepole, wote wasikie.