Koti Linaloshonwa Ili Lifumuliwe

Habari za jioni, mafundi wenzangu na wageni wetu. Kabla sijaeleza habari za Savile Row, mtaa wa mafundi suti kule London, naomba kila aliyevaa koti hapa ndani afanye jambo moja. Shika kitambaa cha mbele, chini kidogo ya tundu la kifungo cha mwisho. Vidole vya mkono mmoja viwe nje, vya mkono wa pili viwe ndani, kisha yatenganishe matabaka taratibu. Ukihisi matabaka mawili tu, na lile la nje limekakamaa kidogo kama karatasi, koti lako limepigwa gamu. Ukihisi tabaka la tatu linaelea katikati, halikushikamana na upande wowote, humo mna kanvasi, kitambaa cha ndani kinacholipa koti umbo.

Naona wengine wanacheka. Msione haya, makoti mengi yanayouzwa madukani, hata yale ya bei ya kutisha, ni ya gamu. Gamu ni kitambaa chenye gundi inayoyeyushwa kwa joto na kugandishwa mgongoni mwa kitambaa cha suti. Kazi inakwisha kwa dakika chache na koti dukani linasimama vizuri. Ubaya huja baadaye: jasho, mvuke, dobi na dawa zake. Gundi inaachia kipande hapa, kipande pale, na kifua cha koti kinaota mapovu. Mapovu hayo hayana tiba. Huwezi kufumua gundi. Ndiyo maana koti la Savile Row halitegemei gundi kifuani. Kinachoshikilia ni uzi, na kilichoshikwa kwa uzi unaweza kukifumua, ukakirekebisha, ukakirudisha. Nitakachoeleza jioni hii, kuanzia kipimo mpaka tundu la kifungo, kinasimama juu ya jambo hilo: koti hili hushonwa ili lifumuliwe.

Kwanza mtaa wenyewe, kwa ufupi. Savile Row ni mtaa mfupi wa Mayfair, London. Biashara ya familia ya Poole ilianza mwaka 1806, na Henry Poole akafungua mlango wa upande wa Savile Row mwaka 1846. Huntsman ilianza 1849, Dege & Skinner 1865. Anderson & Sheppard ilianza 1906, na tangu 2005 imehamia Old Burlington Street, mtaa wa jirani, bila mtu yeyote kuiondoa kwenye hesabu ya nyumba za Savile Row, yaani kampuni zake za ushonaji. Mwaka 2004 nyumba hizi ziliunda chama chao, na moja ya masharti yake ni kwamba suti ya vipande viwili ichukue angalau saa 50 za kazi ya mikono. Mnamo 2008 mamlaka ya kusimamia matangazo ya Uingereza iliamua kwamba hata suti iliyokatwa na kushonwa kwa mashine kwa vipimo vya mteja inaweza kutangazwa kwa neno lile lile la zamani la Kiingereza, bespoke, ambalo asili yake ni kitambaa kilichokwisha kusemewa na mteja, asiuziwe mwingine. Kwa maoni yangu uamuzi ule uliwapotosha wanunuzi. Sisi tunasema kushonesha, na neno letu halijaibwa na mtu bado.

Kwetu fundi mmoja hupima, hukata, hushona na hupiga pasi. Kule kazi imegawanywa. Mkataji ndiye anayekutana na mteja, anapima, anachora paterni, yaani kiolezo cha kukatia vipande, anasimamia majaribio, lakini hashoni. Mshonaji wa koti yuko chini ya ardhi au ghorofani, na kwa kawaida mteja hamwoni. Wa suruali ni mwingine, wa kizibao mwingine, na anayemalizia bitana na matundu ya vifungo naye ni mwingine. Miaka ya kujifunza koti peke yake ni kama mitano. Kwa muda mrefu vyumba vya mbele vilikuwa vya wanaume; Kathryn Sargent ndiye mwanamke wa kwanza kuwa mkataji mkuu katika mtaa huo, akiwa Gieves & Hawkes mwaka 2009, na mwaka 2016 akafungua duka lake hapo hapo.

Sasa kipimo. Futi kamba inakupa urefu na mzunguko tu. Watu wawili wenye kifua cha inchi 40 wanaweza kuhitaji makoti yasiyofanana hata kidogo, kwa sababu mmoja amejikunja mgongo kwa kukaa mezani na mwingine anatembea kifua mbele kama askari. Kwa hiyo mkataji anapima huku anatazama, na msaidizi anaandika. Anachokiona hakisemi kwa sauti ya wazi, mteja asije akasikia vibaya. Anataja herufi: DRS, maana yake bega la kulia limeshuka, BL, maana yake matege, na mara nyingine nambari inafuata kuonyesha ni matege kiasi gani. Bega moja kushuka ni jambo la kawaida mno. Anayekwambia mabega yake yako sawa hajajitazama kwenye kioo akiwa ametulia.

Kutokana na hayo inachorwa paterni ya karatasi ngumu ya kahawia, ya mtu mmoja, yenye jina lake. Inatobolewa na kutundikwa, na mwenye mwili akinenepa, paterni inafanyiwa marekebisho.

Kitambaa chenye upana wa sentimita 150 kinahitajika mita 3.25 hadi 3.5 kwa suti ya vipande viwili. Kikiwa cha mraba-mraba ongeza, maana miraba lazima ikutane mgongoni, ubavuni na kwenye mifuko. Uzito unaopendwa London ni gramu 340 hadi 370 kwa mita, na sababu ni ya kifundi: sufu nzito inatii pasi, inaning'inia yenyewe, inaficha makosa madogo. Kwa joto la Dar es Salaam au Muscat usikimbilie kitambaa chepesi laini kama hariri, kinakunjamana saa moja tu ndani ya gari. Tafuta sufu ya uzi uliosokotwa sana na kufumwa wazi, gramu 250 hadi 300. Inapitisha upepo na mikunjo inajinyoosha yenyewe usiku kwenye henga. Na kabla ya mkasi kugusa, sufu inyweshwe maji na kukaushwa pole pole bila kuvutwa. Ukiruka hatua hiyo, siku ya kupiga pasi ya mvuke kitambaa kitasinyaa, kanvasi haitasinyaa nacho, na sehemu ya mbele itajaa mawimbi.

Mkataji anapochora kwa chaki juu ya kitambaa, anaacha akiba ya mshono. Hapa ndipo wengi wetu tunabana kwa kuokoa kitambaa. Kwenye mshono wa ubavu, katikati ya mgongo, mabegani na makalioni pa suruali, akiba ya sentimita 2.5 hadi 4 inabaki ndani. Pale shingoni na begani inaonekana kama ubadhirifu. Subirini kidogo mtaona kazi yake.

Vipande vinaunganishwa kwa bandi, uzi mweupe wa pamba, mishono mirefu. Kanvasi ya sufu na singa za farasi imeshawekwa kifuani, kola ni kipande cha kanvasi tupu, mikono imeshikizwa tu. Mteja analivaa hivyo hivyo, limejaa mauzi meupe, na anaanza kuogopa pesa zake. Mkataji anafurahi, maana koti sasa linasema.

Linasema nini? Mteja aliyejikunja: mgongo wa koti umekuwa mfupi kwake, kola inaachana na shingo, pindo la nyuma linanyanyuka na mpasuo unafunguka. Fundi asiyejua atakimbilia kuibana kola. Kola haina kosa. Kosa liko kwenye mizani ya koti, yaani urefu wa nyuma ukilinganishwa na wa mbele. Dawa ni kufumua bega, kuushusha mgongo kwa kutumia ile akiba ya shingoni, labda sentimita moja tu, na kola inarudi yenyewe shingoni. Mwenye kifua mbele ni kinyume chake: mbele ni fupi, pande mbili za mbele zinakimbiana chini ya kifungo, na nyuma kitambaa kinajikusanya kiunoni.

Mkunjo uliolala chini ya kola, kama kidole kimefichwa pale, unasema mabega ya mteja ni ya mraba kuliko ya paterni. Mikunjo ya mshazari inayotoka shingoni kwenda kwapani inasema mabega yake yameteremka kuliko paterni. Ikiwa iko upande wa kulia tu, ile herufi ya DRS haikutendewa haki. Mkono wa koti unaojisokota kuuzunguka mkono wa mtu nao hauhitaji kupunguzwa wala kuongezwa. Unafumuliwa begani na kuzungushwa sentimita moja hivi, mbele au nyuma, mpaka ufuate jinsi mwenyewe anavyoning'iniza mkono.

Mteja akiondoka, koti linafumuliwa lote. Lote kabisa: bandi zinatolewa, vipande vinalazwa mezani, vinapigwa pasi, vinachorwa upya kwa chaki na kukatwa upya. Ndipo mifuko inakatwa na kifua kinajengwa. Jaribio la pili linafuata, mara nyingi na la tatu, na kwa kawaida miezi miwili au mitatu inapita.

Kifua nitakionyesha kwa karibu, maana ndicho kinacholipiwa. Mshonaji amekikunja kipande cha lapeli, ule ukosi unaogeuzwa nje kifuani, juu ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, kanvasi ikiwa juu. Sindano fupi, uzi wa hariri uliopakwa nta, subana iliyo wazi kichwani, kwa sababu sindano husukumwa kwa ubavu wa kidole. Sindano inapita kwenye kanvasi na kuonja nyuzi moja au mbili tu za kitambaa, isitokeze. Mshono unalala mshazari, nusu sentimita hivi, mstari kwa mstari, na muda wote lapeli imekunjwa. Hiyo ndiyo siri yake: kanvasi inashikwa ikiwa imekwisha kujipinda, kwa hiyo haitanyooka tena. Uzi ukivutwa sana lapeli inakunjamana kama uso wa mzee. Ukilegea haijiviringishi, italala bapa kama imepigwa nyundo. Geuza lapeli ya koti la namna hii utazame chini yake, utaona vidoa vya sindano, vimetawanyika bila nidhamu ya mashine.

Mashine ipo, msidanganywe. Mishono mirefu iliyonyooka hushonwa kwa cherehani. Lakini mkono wa koti unaingizwa kwa sindano ya mkono katika nyumba nyingi, kwa sababu kichwa chake hukatwa kikubwa kuliko tundu la kwapa na ziada ile inalazwa kidogo kidogo kwa vidole na mvuke. Kwapa lenyewe hukatwa dogo na juu. Watu hudhani kwapa kubwa ndilo lenye nafasi. Jaribu kunyanyua mkono: kwapa likiwa kubwa linalivuta koti zima juu mpaka masikioni, likiwa dogo mkono unapanda peke yake.

Kuhusu mitindo sitakaa sana. Frederick Scholte, ambaye nyumba yake ilimshonea makoti Duke wa Windsor, aliyewahi kuwa mfalme wa Uingereza, aliacha kitambaa cha ziada kifuani na kwenye mafupa ya mgongo, na bega laini; Anderson & Sheppard wanafuata njia hiyo. Huntsman wanajulikana kwa kifungo kimoja, bega lenye mstari na kiuno kilichobanwa. Lipi bora? Mwembamba mwenye kifua kidogo atanufaika na Scholte. Mengine ni mapenzi.

Tundu la kifungo kwa mkono: linakatwa kwanza, kingo zinazungushiwa uzi, uzi mgumu unalazwa pembeni, kisha hariri nene inafungwa fundo kwa fundo juu yake. Mashine nyingi hushona kwanza na kukata mwisho, ndiyo maana ndani ya tundu hutokeza nywele. Kwenye mkono wa koti, wengi hutaka vifungo vyote vinne vifunguke ili waonekane. Busara ya zamani ni kufungua viwili na kuacha viwili vya pambo, maana matundu yakishakatwa yote huwezi tena kuufupisha mkono vizuri.

Na jina la nyumba? Lebo iko ndani ya mfuko wa ndani wa kifua, na juu yake jina la mteja na tarehe. Wale masapeur, watanashati wa Kinshasa na Brazzaville, wanaopenda kufungua koti watu waone limetoka wapi, hapa watahangaika kidogo.

Bei ya suti mpya katika nyumba nyingi inapita pauni 5,000. Mteja akirudi baada ya miaka 10 na tumbo jipya, ubavu unafumuliwa, akiba inatoka, na suruali vilevile. Akija na tundu la nondo, kipande cha akiba hutoa nyuzi za kulifumia, zenye rangi na umri ule ule.

Kwenye meza ile nimelaza koti lililofika jaribio la kwanza, upande mmoja uko wazi. Njooni mlishike, mlipinde, mtafute singa za farasi kwa vidole. Ila ule uzi mweupe msiuvute, bado uko kazini.