Laptopu ya Zamani, Linux Mpya: Kagua Kwanza Ndo Ufute

NEEMA: Karibuni tena jamani. Leo tunajibu swali ambalo limejaa inboksi tangu Windows 10 iache kupata masasisho tarehe 14 Oktoba 2025. Watu wana laptopu nzima kabisa, inapiga kazi, alafu wanaambiwa Windows 11 haikubali, sasa wanauliza kama waweke Linux, ule mfumo endeshi wa bure, badala yake.

HASSANI: Haikubali kwa sababu inataka TPM 2.0, ile chipu ya usalama, na prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, sasa chukulia ThinkPad T440, ile ni kizazi cha 4, mashine ngumu, kibodi tamu, inaachwa nje hivihivi. Na used nyingi pale Kariakoo ni za rika hilohilo. Mi naumia mtu akiiuza kwa bei ya kutupa wakati Linux Mint, aina mojawapo ya Linux, inakaa pale vizuri tu.

NEEMA: Sasa mtu atajuaje kama yake itakubali?

HASSANI: Dada, usifute kitu kwanza. Tafuta flashi ya giga 8, weka Mint kwa kutumia Rufus au Ventoy, zile programu za kuandaa flashi ya kuwashia, zima mashine, washa huku unabonyeza F12, kwenye HP mara nyingi ni F9, chagua flashi. Mint inawaka kutoka kwenye flashi, diski yako haijaguswa. Hapo sasa kagua, waifai inaona mitandao? Sauti? Kamera? Funga mfuniko ilale, fungua, inaamka? Hilo la kulala na kuamka wengi hawalijaribu na ndo linakuja kusumbua baadae.

NEEMA: Na vitufe vya mwanga wa skrini.

HASSANI: Enhe, na hivyo. Hata kama unanunua dukani nenda na flashi yako mfukoni, muombe muuzaji dakika kumi.

NEEMA: Tuje kwenye waifai, maana ndo kilio kikubwa.

HASSANI: Fungua teminali, lile dirisha la kuandika amri, andika lspci -nn ikuorodheshee vifaa vya ndani, tafuta mstari wenye neno Network. Mwishoni utaona namba kwenye mabano ya mraba, mfano 14e4:4315. Zile nne za mwanzo ndo kampuni. Ukiona 8086 hiyo Intel, karibu kila mara inafanya kazi palepale. Ukiona 14e4 hiyo Broadcom, na za zamani zinataka fimwea ya pembeni, yani programu ndogo ya kuiendesha kadi. Debian, Linux nyingine, tangu toleo la 12 la 2023 inakuja na fimwea nyingi ndani ya kisakinishi, ila hizi Broadcom za zamani bado unazipakua mwenyewe.

NEEMA: Unapakuaje na waifai yenyewe haifanyi kazi?

HASSANI: Simu. Ichomeke kwa waya wa USB, washa tetharing, yani kugawa intaneti ya simu, Linux inaiona kama mtandao wa waya, alafu kwenye Mint fungua Driver Manager ikutafutie.

NEEMA: Si bora mtu abadili kadi ya waifai tu, aweke ya Intel?

HASSANI: Inawezekana, ila angalia kabla hujatoa hela, maana ThinkPad X220 na X230 BIOS yake, ile programu ya kuiwasha mashine, ina orodha ya kadi inazozikubali, ukiweka nyingine inakuandikia kosa la 1802 na haiwaki kabisa. Kwa hizo nunua kiwaifai cha USB tu.

NEEMA: Kuna msikilizaji ana ramu giga 2, prosesa biti 32.

HASSANI: Aangalie kwanza kwa amri ya lscpu kwenye teminali, zipo ambazo ni biti 64 ila ziliwekewa Windows ya 32. Kama kweli ni 32, Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha biti 32, ajaribu antiX, Linux nyepesi. Kama ni 64 aongeze ramu ifike 4 na aweke SSD, ile diski isiyozunguka, yani hiyo SSD ndo hela ya kwanza kutoa, kwenye hadidiski ya kuzunguka hata Linux nyepesi itakuchosha.

NEEMA: Basi wenye mashine zinazogoma tuandikieni, ila msituandikie "waifai haisomi" peke yake.

HASSANI: Leteni modeli na ule mstari wa lspci wenye namba zake, tutazipitia moja moja wiki ijayo.