Chuo kipi Marekani ni rahisi kuingia? Leo najibu

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Leo nimekaa hapa jikoni kwa sababu ya swali moja, kila nikifungua komenti nalikuta: "Dada, chuo kipi huko Marekani ni rahisi kuingia?" Najua nikijibu wapo watakaosema naringa kwa kuwa nimeshamaliza, na wengine watasema nawakatisha tamaa ili nibaki huku peke yangu. Semeni. Ila kuna mzazi mahali, Tanga au Mbeya, yuko mbioni kuuza kiwanja, na huyo ndiye ananinyima usingizi.

Vyuo vya kukupokea haraka vipo tele. Wewe kiulize chuo wangapi wanarudi mwaka wa pili, na wangapi wanamaliza.

Sekondari za huku Marekani sitazikalia sana: waliotakiwa kumaliza mwaka 2022, takriban 87 kati ya 100 walimaliza kwa wakati. Kasheshe iko chuoni. Walioanza shahada mwaka 2014 kwa masomo ya muda wote, waliomaliza palepale walipoanzia ndani ya miaka sita ni kama asilimia 64. Miaka sita, shahada ya miaka minne! Kwenye vyuo vinavyoendeshwa kwa faida ilikuwa kama asilimia 29. Halafu matangazo ya vyuo vya namna hiyo ndiyo mnayonitumia kila wiki.

Nyumbani mtu asipomaliza tunasema kadisko, yaani kafeli akaondolewa, alikuwa na masapu, mitihani ya kurudia, starehe zilimzidi. Mimi nimeona watu wenye alama nzuri kabisa wakiondoka, na kilichowaondoa ni deni. Wala si deni kubwa.

Langu lilikuwa dola 612. Muhula wa tatu, chuo kiliniongezea bima ya afya kwenye ankara, sikuambiwa mpaka naingia kujisajili nakuta akaunti imefungwa. Mwanafunzi wa kigeni wa shahada ya kwanza lazima awe na krediti 12 kwa muhula, yaani zile pointi za uzito wa kila somo. Usiposajiliwa, hata ukaazi wako unaingia mashakani. Na hela utaitoa wapi? Kazi, bila kibali maalumu, unaruhusiwa ndani ya chuo tu, masaa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Mkopo wa serikali yao si wako, huku hakuna bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, la kusubiri. Mhasibu ananituma ofisi ya wanafunzi wa kigeni, wale wananirudisha kwa mhasibu, siku nne nazunguka na karatasi ileile. Mama yangu alichukua mkopo kwenye kikoba chake. Dola 612, mama muuza vitenge.

Baada ya pale nilihama, nikamalizia chuo kingine cha bei nafuu. Basi kwenye grupu la familia ikawa "mtoto kadisko Marekani", na aliyeianzisha hakuwahi kunipigia hata simu moja. Naisema leo kwa sababu bado inaniuma. Na kwa hesabu za kile chuo cha kwanza, kwa kuwa sikumalizia pale, sipo miongoni mwa waliohitimu. Kwa hiyo hizo asilimia mzisome mkijua kwamba ndani yake kuna watu kama mimi.

Lakini chuo kikiamua, kinaweza. Georgia State, pale Atlanta, mwaka 2003 waliokuwa wanamaliza ndani ya miaka sita walikuwa asilimia 32. Wakaanza kufuatilia kila mwanafunzi, akiyumba kidogo mshauri anamwita. Mwaka 2011 wakaanza kuwalipia madeni madogo wale waliokuwa karibu kufutwa kwenye usajili, watu waliobakiza masomo machache wamalize. Leo wanaomaliza ni zaidi ya nusu. Niliposoma habari hiyo nililia, maana mimi wa dola 612 ningepona.

Sheria ya mwaka 1990 inavilazimisha vyuo vinavyopokea fedha za misaada ya serikali kuu kutangaza asilimia ya wanaohitimu. Ingia College Navigator, tovuti ya serikali ya Marekani, bure kabisa, andika jina la chuo, shuka mpaka sehemu ya wanaorudi na wanaohitimu. Vyuo vya miaka minne, kwa wastani wanaorudi mwaka wa pili ni kama 8 kati ya 10. Vya miaka miwili, kama 6. Chako kikiwa chini ya hapo, andika barua pepe uulize kwa nini, na uulize bima ni shilingi ngapi kabla hujalipa chochote.

Haya ni yangu mimi. Mwenzangu ana mjomba Texas, ana ufadhili kamili, mambo yake yatakwenda vingine. Usiache ndoto yako kwa sababu ya video yangu, wala usiuze kiwanja kwa sababu yake.

Nina zamu alfajiri, niwaache. Aliyepata barua ya chuo aandike hapo chini jina la chuo na ile asilimia ya mwaka wa pili, nitazipitia moja moja Jumapili nikitoka kanisani.