Usiinyamazishe feni

Mazungumzo na wapiga picha na wahariri wa picha, Kampala

Wazee wangu, dada zangu, vijana, hamjambo. Naona tuna watu wa Arua, wa Kasese, wa Mbale, na ndugu wawili waliovuka kutoka Kongo. Ndiyo maana nimeombwa niseme Kiswahili, asiwepo mtu wa kumnong'onezea mwenzake tafsiri pembeni. Nimefurahi.

Nilipokuwa mlangoni, kijana mmoja kanishika mkono akaniuliza: "Mzee, ni programu gani inanyamazisha feni ya laptopu? Nikifungua Lightroom, ile programu ya kuhariri picha, inavuma mpaka jirani anagonga ukuta." Kijana, sikukujibu pale kwa sababu jibu lake ndiyo hotuba yangu yote. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa mjini mwaka wa kumi na tisa huu, mingi nimeimalizia Nasser Road, katikati ya mitambo ya kuchapa na vijana wa usanifu, na sikumbuki wiki hata moja iliyopita bila kuulizwa swali hilo. Nikisikia neno "kunyamazisha" roho inaniuma. Feni haina kosa. Kuna joto limekwama mahali ndani ya mashine yako, feni inahangaika kulitoa, na wewe unatafuta namna ya kuifunga mdomo.

Feni ni nini na iko wapi, hayo mnayajua, nayaruka. Twende kwenye kazi yenyewe.

Jumamosi umepiga picha za kwanjula, ile sherehe ya bibi harusi kumtambulisha mchumba wake kwao, huko Mukono. Umerudi na picha 1,800, zote faili ghafi, yaani data ya kamera kabla haijapikwa, kwa sababu unataka ile gomesi, lile gauni refu la bibi harusi, itoke na rangi ileile aliyoichagua dukani, isije ikageuka nyingine. Usiku umezichagua, umezisawazisha, umebonyeza kueksipoti, zigeuzwe kuwa faili za kumpa mteja. Dakika haijaisha, feni imeanza. Sasa jiulize umeiambia mashine ifanye nini. Kila pikseli kwenye kihisi cha kamera yako imepokea rangi moja tu: nyekundu, au kijani, au buluu. Mpangilio huo ni wa Bryce Bayer wa Kodak, hataza yake ilitolewa mwaka 1976, na kamera nyingi mnazobeba bado zinautumia. Kwa kamera ya pikseli milioni 24, kompyuta inazitafuta kwa hesabu zile rangi mbili zinazokosekana, pikseli moja baada ya nyingine, milioni 24 zote. Halafu inyooshe upotovu wa lenzi, ifute chenga, zile chembechembe za picha za gizani, inoe kingo, iibane iwe JPEG. Ikimaliza, ianze picha ya pili. Zimebaki 1,798. Programu inaigawa kazi hiyo kwa viini vyote vya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, hakuna kinachokaa bure. Na ukitumia ile amri ya kufuta chenga kwa akili mnemba iliyoingia Lightroom mwaka 2023, umeiita na kadi ya grafiki nayo ije shambani.

Ukiandika barua kwenye laptopu hiyohiyo inakula wati chache. Ukieksipoti, prosesa peke yake inaweza kufika wati 45 na kupita. Wazee mnazikumbuka glopu za zamani za wati 60. Nani aliwahi kuishika ikiwa inawaka? Sasa joto linalokaribia hilo linatoka kwenye kipande kinacholingana na ukucha wa kidole gumba, ndani ya boksi jembamba kama sahani.

Linatokaje? Juu ya prosesa kuna bomba bapa la shaba, na ndani ya bomba kuna maji kidogo sana. Upande wa prosesa maji yanakuwa mvuke, mvuke unakimbilia upande wa feni, unapoa, unarudi kuwa maji, yanarejea. Mmeona matooke yanavyopikwa kwenye majani ya migomba: mvuke unapanda, unagonga jani la juu, unadondoka. Ni hivyohivyo. Kwenye ncha ya bomba kuna vibati vyembamba vimepangwa kama kurasa za kitabu, na katikati yake sarafu haipiti. Feni inapuliza hewa kwenye hizo nafasi. Zikizibwa, feni izunguke mpaka kesho, hewa haina pa kutokea.

Hapo nataka niwape habari ya binti mmoja wa Kireka. Walionisikia Gulu wanaijua, wanisamehe, kwa sababu sijapata mfano mwingine unaosema vizuri kuliko huo.

Ni mpiga picha wa harusi. Anakaa chumba kimoja na dada yake, na dada ni nesi wa zamu, anaingia nyumbani saa mbili asubuhi akitaka kulala. Feni ikianza, dada anaamka. Kwa huruma, yule binti akawa anaiweka laptopu kitandani juu ya blanketi ili mlio upungue, na wakati mwingine anaifunika na leso. Ikasaidia siku mbili tatu. Kisha kelele ikazidi. Akaenda duka moja, wakampakia programu ya kuizuia feni isipite mwendo fulani. Chumba kikatulia. Na kazi ikaanza kuchelewa. Picha zilizokuwa zinatoka kwa dakika arobaini zikawa zinatoka kwa saa mbili. Siku moja yuko nyumbani kwa mteja, familia imekaa sebuleni inasubiri kuona picha za mtoto wao, laptopu ikazimika. Akaiwasha, ikazimika. Mara ya tatu baba mwenye nyumba akamwambia kwa upole, "Mwanangu, nenda tu, tutampa mwingine." Aliponisimulia hapo sauti ilimkatika.

Akarudi dukani kulekule. Wakamwambia prosesa imezeeka, anunue mashine mpya, shilingi milioni tatu na nusu. Jamani! Prosesa haichoki kama goti la mzee. Hesabu inazoweza kuzifanya leo ni zilezile ilizoziweza siku ilipotoka kiwandani, ukiiondolea joto. Prosesa nyingi za Intel kwenye laptopu zimewekewa mpaka wa nyuzi 100: zikifika hapo zinajipunguzia kasi zenyewe zisiungue, na zikishindwa kabisa zinazima mashine. Ule wepesi wake haukupotea. Ulikuwa umefungiwa kwenye joto. Lakini binti alishaanza kuzungumza na watu wa chama chake cha akiba wamkopeshe, na kwangu alikuja kuuza ile ya zamani kama spea. Spea!

Nikamwambia kaa kwanza. Nikachagua picha zake 50, nikaeksipoti, nikatazama saa. Dakika kumi na nne, nyuzi 99 na 100 muda wote. Nikaizima, nikaifungua kifuniko cha chini, nikaitoa feni. Kati ya feni na vile vibati palikuwa na kitambaa. Nasema kitambaa kwa sababu sikuweza kukipuliza. Nilikishika na kibanio nikakivuta kikatoka kizima, urefu wa kidole, unene wa kadibodi. Upande mmoja chekundu, vumbi la marram la barabara yao. Upande wa pili nyuzi za buluu. Akaziangalia, akasema, "Hilo ni blanketi langu." Nywele zilikuwemo, na bawa la kumbikumbi. Hewa ilikuwa haipiti hata chembe. Chini ya bomba, ile pesti ya kupitisha joto ilikuwa imekauka kama ukoko wa posho, yaani ugali. Niliikwangua kwa kadi ya plastiki ikawa unga.

Nikasafisha, nikapaka pesti mpya, nikairudisha, nikaitoa na ile programu ya dukani. Picha zilezile 50. Tulipofika katikati akaniinamia akauliza kwa woga, "Mzee, feni imekufa?" Alikuwa haisikii. Haikufa, ilikuwa inazunguka taratibu kwa sababu haikuwa na la kukimbilia. Dakika tano na kidogo, nyuzi 81. Alilipa shilingi elfu arobaini. Dada yake sasa analala.

Nimeirefusha kwa makusudi. Kijana uliyeniuliza mlangoni, sikia hesabu hii: feni ikiongezwa mwendo mara mbili, kelele inapanda karibu desibeli 15, na kwa sikio la binadamu hiyo ni kama kelele mara tatu. Kinyume chake nacho ni kweli. Punguza joto kidogo, feni ishushe mwendo kidogo, utulivu unaopata ni mkubwa. Ule ukimya unaoutaka uko huko.

Najua kuna mtu amejiandaa kuniambia: "Yangu ni mpya, haina vumbi, na bado inavuma." Ndugu, ikiwa ni mpya, iko mezani, matundu yako wazi, na inavuma wakati wa kueksipoti tu halafu inatulia, basi ni nzima. Iache ifanye kazi. Mwingine atasema tununue zile zisizo na feni. MacBook Air, laptopu ya Apple, ile ya chipu ya M1 ya mwishoni mwa mwaka 2020 na zilizofuata, haina feni, ni kweli, na kwa kuhariri picha chache ni mashine nzuri sana. Lakini joto lipo, na kazi ikiwa ndefu inajipunguzia kasi ili ipoe. Picha 1,800 utazisubiri. Na wa tatu atasema Kampala si joto kama Gulu. Sawa, ila tuko takriban mita 1,200 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya Mombasa, na hewa nyepesi inabeba joto pungufu kuliko hewa nzito, hata feni ikizunguka kwa mwendo uleule. Ndugu zetu wa Kabale wana baridi, lakini wako juu zaidi. Na vumbi ni letu sote, hasa kiangazi cha Desemba hadi Februari.

Jifunzeni kusikiliza. Mlio wa upepo, kama mvua ya mbali, ni hewa, tafuta joto. Mlio wa kukwaruza au kugonga ni feni yenyewe imelegea ekseli, badilisha kabla haijakwama. Na kale kamlio kembamba kama mbu kanakobadilika ukisogeza picha kwenye kioo, hako hakatoki kwenye feni hata kidogo, kanatoka kwenye koili za umeme. Kanaudhi, lakini hakaui mashine. Msije mkalipishwa feni mpya kwa ajili ya mbu.

Kusafisha. Naona mwenyekiti ananionyesha saa, nitakimbia. Zima kabisa, chomoa chaja, chomoa betri kama unaifikia. Msiipeleke laptopu kwa wale wa kujaza upepo matairi! Kompresa ile inatoa maji pamoja na hewa, na nguvu yake inavunja feni. Tumieni blowa ndogo ya mkono na brashi laini. Na kabla hujapuliza, izuie feni kwa kijiti cha meno isizunguke, kwa sababu ikizungushwa kwa upepo inapita mwendo wake inaharibu ekseli, na inaweza kuzalisha umeme ukarudi kwenye bodi. Pesti, tone dogo linatosha, msipake kama siagi kwenye mkate. Skrubu za bomba zina namba, zifungeni kwa kufuata namba. Ukifungua ukakuta kitu kinang'aa kama zebaki badala ya pesti, funga, mpelekee anayeijua: hiyo ni metali ya maji, inapitisha umeme na inakula alumini.

Upande wa programu, haraka. Kwenye Windows, ukiweka kikomo cha juu cha prosesa kuwa asilimia 99, ile kasi ya ziada inazimika. Kueksipoti kutachelewa kidogo, lakini joto na kelele vitashuka sana. Kwa mwenye dada wa zamu hiyo ni halali kabisa, mradi mashine ni safi kwanza. Kufuta chenga, chagueni picha zinazohitaji, msiwashie zote 1,800. Photoshop: leya moja, yaani tabaka moja la picha, ya pikseli milioni 24 kwa biti 16 ni megabaiti 144, wenye leya ishirini na kumbukumbu ya gigabaiti 8 wajue mashine inahangaika na diski pia. Ya stabilaiza na umeme wa kukatika nilitaka kuyasema, sitayasema leo.

Ninachotaka kuyamaliza nacho haya mazungumzo ni mikono. Dada wa kitambaa cha kijani, nyuma pale, laptopu yako imekuwa ikivuma tangu nilipoanza na naona umeiweka juu ya mkoba. Ilete hapa mezani. Usiifunge tu kifuniko, izime. Chaja uichomoe, uiache hukohuko. Vijana, sogeeni muone wenyewe, na mwenye bisibisi ya nyota, ile ndogo, anipe.