Nauli Kwanza, Ukumbi Baadaye

ZUHURA: Karibuni tena kipindini. Mimi ni Zuhura, niko na kaka Baraka. Leo tunaongelea ule mkutano wa programu huria, yaani programu za kompyuta ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuzibadilisha, tunaotaka kuuandaa Morogoro. Baraka, bajeti uliyonitumia jana imeninyima usingizi.

BARAKA: Kuna nini, dada?

ZUHURA: Ukumbi upo, chakula kipo, fulana zipo, mabango yapo. Nauli za washiriki ziko mstari wa mwisho, na pembeni umeandika "kikibaki".

BARAKA: Ni kweli. Niliona bila ukumbi hakuna mkutano.

ZUHURA: Na bila watu? Hebu turudi Dar es Salaam, Agosti 2018, pale Kituo cha Mikutano cha Julius Nyerere. FOSS4G, mkutano wa dunia wa programu huria za ramani, ulikuja kwetu. Wakati ule ulikuwa na mzunguko wake: mwaka mmoja Ulaya, mwingine Amerika Kaskazini, wa tatu kwingineko. 2016 ulikuwa Bonn, 2017 Boston, 2018 Dar. Kabla ya hapo Afrika ilikuwa imeupata mara moja tu, Cape Town, 2008.

BARAKA: Na mji haupewi hivi hivi. Unaleta andiko lenye bajeti, unashindana na miji mingine, kamati inapiga kura.

ZUHURA: Dar ilikuwa na kitu cha kuonyesha. Kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwapeleka wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mitaani. Walishirikiana na wenyeji kuchora nyumba, mitaro na sehemu zinazofurika, wakaziweka kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea. Ninaupenda sana mradi ule. Mtu anayekaa bondeni anajua maji yanapita wapi kuliko ofisi yoyote.

BARAKA: Na kaulimbiu ya mkutano ilikuwa kutomwacha mtu nyuma.

ZUHURA: Ukitamka neno hilo umeshajiwekea deni. Ndiyo maana kulikuwa na mfuko wa kuwalipia safari wale wasioweza. Mimi naona mfuko ule ndio uliobeba kaulimbiu.

BARAKA: Niitetee hoja yangu kidogo. FOSDEM, mkutano wa programu huria wa Brussels, inafanyika chuoni, inaendeshwa na watu wa kujitolea, hakuna kiingilio, hakuna hata kujiandikisha. Unaingia tu, na watu wanajaa kwa maelfu.

ZUHURA: Naiheshimu sana. Lakini kijana wa Mbeya, kabla hajaufikia mlango ule ulio wazi, ana tiketi ya ndege na viza mbele yake.

BARAKA: Viza usiseme. Kuna mkutano mmoja nje walinikubalia mada. Barua ya mwaliko ikanifikia wiki tatu kabla, miadi yote ubalozini imeshajaa. Mada yangu ikasomwa na mtu mwingine, mimi naitazama kwenye simu, nyumbani. Iliniuma, Zuhura. Kazi ya miezi minane.

ZUHURA: Pole sana. Hukuwahi kuniambia.

BARAKA: Basi tuandike hapo: atakayekubaliwa ajulishwe miezi minne kabla, na barua yake siku hiyo hiyo.

ZUHURA: Naandika. Jingine ni hili la kumwambia mtu "njoo, tutakurudishia". Mwanafunzi wa Kigoma akitoa nauli mfukoni, akarudishiwa baada ya mwezi, nani kamkopesha nani?

BARAKA: Yeye ndiye katukopesha sisi.

ZUHURA: Na asiye na cha kukopesha hataomba kabisa. Hata kwenye orodha ya waliokosa hatutamwona. Tukate tiketi ya basi sisi wenyewe, na hela ya chakula cha njiani tumtumie kwenye simu kabla hajaondoka. Watu wa Debian, wanaotengeneza mfumo huria wa kuendesha kompyuta, kwenye mkutano wao wa DebConf, mshiriki anaweza kuomba msaada wa nauli, malazi na chakula, kila kimoja kwa nafasi yake. Mtu anaweza kuwa na nauli asiwe na pa kulala.

BARAKA: Fomu yetu iwe hivyo. Na isiwe na maswali ya kumdhalilisha mtu aeleze umaskini wake.

ZUHURA: Maswali matatu yanatosha. Unatoka wapi, unahitaji nini, unafanyia kazi programu gani.

BARAKA: Mada tuzisome bila majina?

ZUHURA: Duru ya kwanza, ndiyo. Halafu tutazame majina. Tukikuta wote wanatoka Dar, tupige simu mikoani.

BARAKA: Kurekodi, jenereta na intaneti ya akiba nitavishughulikia mimi. Kanuni za maadili ziwe na namba mbili za simu, moja ya mwanamke, na zipokelewe hata usiku.

ZUHURA: Vizuri. Sasa rudi kwenye bajeti.

BARAKA: Nauli nazipandisha mstari wa kwanza. Fulana nazifuta.

ZUHURA: Bakiza za wanaojitolea, wageni wajue wa kumuuliza.

BARAKA: Ishirini, basi. Mabango mawili, lango kuu na kituo cha basi Msamvu. Ukumbi wa hoteli naurudisha, kesho naenda kuulizia madarasa chuoni, kipindi cha likizo.

ZUHURA: Uliza na mabweni pia.